Mia na Sita kwenye Kadi Yangu

Kama umeanza dripu za saratani, yamkini umepewa kadi iliyoandikwa kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38 uende hospitali mara moja. Mimi nilipewa kadi hiyo, niliisoma, niliielewa, na bado nusura nife nikiwa nayo mfukoni. Naandika kwa ajili yako wewe uliye nayo sasa. Kosa langu halikutokana na uzembe. Lilitokana na hesabu niliyoifanya kwa miaka kumi na moja bila kunikosea hata siku moja.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu, upande wa Ganako. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa, na mimi shule niliishia darasa la saba. Kiingereza, ndege, nyota na mawe nimejifunza kwa vitabu ambavyo wageni husahau kwenye viti vya gari. Nina tabia ya kuandika. Kila asubuhi niliposimama na wageni kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, niliandika saa, hali ya ukungu, na nyuzi zilizoonyeshwa na kipimajoto cha gari.

Wageni hupenda kujua joto, lakini hawalitaji kwa namna moja. Mjerumani, Mhindi au Mkenya ukimwambia nyuzi kumi, anafunga zipu ya koti na mazungumzo yameisha. Mmarekani ukimwambia kumi anakutazama kwa mashaka, maana kwao kumi ni barafu. Yeye anataka farenhaiti. Mkanada husema selsiasi anapozungumzia hali ya hewa, kisha akifika kwenye oveni ya mama yake anahamia farenhaiti bila kujua kwamba amehama. Nimebeba Waingereza wazee ambao baridi waliitaja kwa selsiasi, na joto kali kwa farenhaiti.

Madereva tuna njia fupi tuliyoachiana kwenye maegesho. Ukiwa na selsiasi, zidisha mara mbili, ongeza thelathini. Kumi inakuwa hamsini. Kurudi nyuma, toa thelathini, gawanya kwa mbili. Sikuipokea hivi hivi. Nilipopata mgeni mwenye saa inayopima joto kwa farenhaiti, nilimwomba anionyeshe pale pale ukingoni, nikalinganisha na hesabu yangu ya namba ya gari. Zililingana, au zilipishana kwa nyuzi moja. Kwenye jalada la daftari niliandika: "Kanuni imehakikiwa."

Ugonjwa wenyewe ulianza na kifungo cha shati. Mwezi wa Machi, kabla mvua hazijakolea, kola ya shati la kazi ilikataa kufunga. Nilidhani limenywea kwa dobi. Nikajaribu la pili, likakataa, nikapitisha vidole shingoni nikakuta tezi tatu upande wa kushoto, ngumu, zisizouma. Baadaye likaja jasho la kulowesha shuka. Mke wangu, Mama Neema, aliyeanika shuka hizo asubuhi tatu mfululizo, alisema, "Hii si malaria, Baba Neema. Malaria inapumzika."

Sitaeleza vipimo. Ilituchukua mwezi na nusu kupata jina la ugonjwa: saratani ya tezi. Nikapangiwa dripu sita, kila baada ya wiki tatu, kwenye kliniki iliyoko Moshi.

Nitakachoeleza ni benchi. Ukifika, unatupa kadi yako ya kliniki kwenye kisanduku, halafu unasubiri jina. Watu hawakai kwenye foleni, mifuko ndiyo inakaa. Utaona mstari wa vikapu, kofia, chupa za chai, na wenyewe wako nje wanaota jua. Mtu akisogeza kikapu cha mwenzake, benchi zima linageuka. Mimi sikuweza kuacha mfuko nikatoka. Nilisimama, nikakaa, nikahesabu vigae vya sakafu, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka likanichosha. Sehemu ya wasiwasi huo ililetwa na vidonge vya siku tano vinavyofuata kila dripu. Vilinifanya nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye banda la kuku na kurudi, mchana kutwa, kama mtu anayengoja gari lisilokuja. Ukipewa vidonge hivyo, waambie wa nyumbani mapema, wasidhani umewachukia.

Dripu ya kwanza niliipata Mei, matope yakiwa bado barabarani. Nywele ziliondoka siku ya kumi na saba. Ya pili ilikuwa Juni. Kabla ya ile ya kwanza daktari alinipa kadi na kusema polepole, akigonga meza kwa kidole:

"Siku ya saba mpaka ya kumi na nne, mwili wako hauna askari. Thelathini na nane ikifika, humezi panadol, husubiri kuona, humpigii mtu simu kuomba ushauri. Unaenda hospitali iliyo karibu na kuonyesha hii. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta."

"Rudia."

Nikarudia. Akasema nimemfurahisha, wengi hawarudii sawasawa.

Nyumbani tulikuwa na kipimajoto cha kioo, kile cha zebaki, chenye selsiasi. Nilipima asubuhi na jioni, nikaandika. Mizunguko miwili ilipita vizuri: 36.4, 36.6, 36.5. Neema, binti yetu anayesoma Dodoma, alipiga simu kila Jumapili na nikamsomea namba zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe mwenyewe, baba, unaendeleaje?" Nilimwambia nimeshamsomea.

Dripu ya tatu ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Kufikia hapo ncha za vidole vyangu zilikuwa na ganzi. Vifungo alinifunga Mama Neema, na kalamu niliishika kwa ngumi. Jumamosi jioni, siku ya nane, nilikikung'uta kile kipimajoto ili zebaki ishuke, nacho kikaniponyoka, kikavunjika kwenye saruji. Mama Neema alikusanya vitone vya zebaki kwa karatasi ngumu huku akifukuza kuku.

"Kesho nitashuka mjini nikununulie kingine," alisema.

"Hapana haja. Ninacho kingine."

Kweli nilikuwa nacho. Miaka iliyopita mgeni mmoja wa Marekani, mwalimu mstaafu, aliniachia mfuko wake wa dawa siku ya kuondoka. Ndani mlikuwa na bandeji, vidonge vya tumbo, na kipimajoto cha betri. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na herufi F. Nilijua maana yake, na ndiyo maana sikuhangaika. Mtu asiyejua angeogopa. Mimi nilichukua kadi ya daktari, nikafanya hesabu: thelathini na nane mara mbili, sabini na sita, ongeza thelathini, mia na sita. Nikaandika kwa penseli pembeni ya 38: "F = 106."

Jumapili asubuhi kipimo kilisoma 97.8. Nikatoa thelathini, nikagawanya, nikapata 33.9. Namba hiyo ilinishangaza. Lakini mtu anayeiamini hesabu yake hupata sababu haraka. Nilijiambia ni Julai, Karatu yote ni baridi. Nikajiambia pia kwamba kwapa limekonda, na daktari alisema damu itapungua. Nikaandika sababu zote tatu. Jumatatu ilikuwa 98.8, yaani 34.4. Jumanne asubuhi, siku ya kumi na moja, 100.2.

Nilikokotoa: 35.1. Nikafurahi. Naomba uelewe furaha hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuniua. Kwa siku tatu nilikuwa nautazama mwili wangu ukipanda kutoka kwenye ubaridi kurudi pale unapopaswa kuwa. Nilikuwa nikijisikia vibaya, mdomo una vidonda, mifupa inauma, lakini daftari lilisema nafuu inakuja, nami nimezoea kuliamini daftari kuliko mifupa.

Siku hiyo Mama Neema alitakiwa kwenda Mbulumbulu kung'oa maharage kwenye shamba aliloachiwa na wazazi wake. Yalikuwa yamekauka mpaka yanapasuka yenyewe. Trekta la kuwapandisha watu lilikuwa linangoja barabarani. Alikuwa amejifunga kitenge, jembe begani, akaja kuniaga nilipokuwa nimekaa kwenye jua na koti langu la kazi. Akaweka kiganja chake shingoni kwangu.

"Unaungua."

"Nimeota jua."

"Jua la saa moja na nusu?"

"Mama Neema, nimepima sasa hivi. Thelathini na tano nukta moja. Jana thelathini na nne. Nenda ukang'oe maharage."

"Kipimo hicho kimekujua lini? Mimi nimelala na wewe miaka ishirini na miwili."

"Mkono wako hauna namba."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kufunga mjadala. Alichukua jembe akaenda, na nilimwona akipita kwenye ua bila kugeuka.

Tangu niugue tulikuwa tumegombana mara nyingi kwa namna hiyo, bila kelele. Nilipanga kila kitu: saa ya uji, saa ya dawa, nani aingie na nani asiingie. Dada yake alikuja kutoka Mbulu na mafua kidogo nikamzuia mlangoni, akaongea nami kupitia dirishani na kuondoka analia. Ilikuwa sahihi kumzuia. Namna niliyomzuia haikuwa sahihi. Mama Neema alivumilia yote, lakini lile la mkono, aliniambia baadaye, lilimfika.

Alifika barabarani, akangoja na wengine trekta lijae, hadi karibu saa nne. Trekta lilikuwa limejaa wanawake wa Ganako, dereva anapiga honi. Wakamsogezea nafasi. Akasimama na mguu mmoja juu, halafu akashuka. Mmoja akamtania, "Umemsahau bwana au umemkumbuka?" Akasema hajui, ila maharage hayatapata homa.

Alinikuta nimeingia ndani na kurudi nje mara nne. Sikuweza kukaa. Meno yalikuwa yanagongana na niliyabana ili asisikie. Daftari lilikuwa gotini: saa nne, 101.4, sawa na 35.7.

"Imepanda tena," nilimwambia. "Karibu thelathini na sita."

Aliweka jembe chini. Hakuniambia tena kwamba naungua. Alinyoosha mkono.

"Nipe."

"Unataka nini nacho?"

"Nipe, Baba Neema."

Akakifuta kwa kitenge, akakaa kwenye kigoda, akakiweka kwapani mwake, akanitazama. Tulingoja. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu. Kilipolia akakitoa na kunisomea tarakimu moja moja, kwa sababu hakutaka nimshike makosa.

"Tisini na nane. Nukta. Sufuri. Haya, fanya hesabu yako."

Nikafanya. Tisini na nane toa thelathini, sitini na nane, gawanya kwa mbili.

"Thelathini na nne," nikasema.

"Mimi nimeamka saa kumi na moja, nimekama, nimebeba jembe mpaka barabarani na kurudi. Nina thelathini na nne?"

Nikairudia hesabu kwa vidole, ikatoka vilevile.

"Basi tuko maiti wawili hapa. Au kipimo hakifai, au hesabu haifai. Chagua moja, tuondoke."

Kilichonipata wakati ule hakikunipata hata siku nilipoambiwa jina la ugonjwa. Niliona kosa lote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa. Kipimo kilikuwa kizima. Mzima ana tisini na nane. Mimi nina mia na moja na zaidi. Nilikuwa juu ya mzima kwa zaidi ya nyuzi tatu, na tangu asubuhi nilikuwa nikiandika kwamba napona.

Mama Neema alimpigia simu Tluway, dereva mwenzangu, ambaye siku hiyo hakuwa na safari. Alikuja na gari la kazi, paa likiwa wazi bado, akalifunga huku akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Leo nina mgeni mmoja mzuri," alisema tulipoingia barabarani. "Haulizi chui yuko wapi."

"Tluway, ile kanuni ya mara mbili na thelathini," nikasema, meno yakigongana. "Si sahihi."

"Kaka, hiyo tutaizungumza ukipona."

"Usiwape wengine."

"Nimesikia. Nyamaza sasa, upumzike."

Hospitali ya karibu ilikuwa na benchi refu na watu wengi. Kadi yangu ilipita mbele ya wote. Hilo lilikuwa jambo la kwanza jema siku hiyo, na mama mmoja mwenye mtoto aliyekohoa alitupisha bila kuombwa, akasogea mbali pamoja na mwanawe alipoelezwa kwa nini. Muuguzi alinipima: 39.1 kwa selsiasi. Kisha akaisoma kadi na kusimama kwenye maandishi ya penseli.

"Hii mia na sita ni ya nani?"

"Ya kwangu, sista. Ndipo nilipokuwa nimepanga kuja."

"Mwenye mia na sita haji kwa miguu, baba. Analetwa." Aliifuta kwa kifutio chake mwenyewe, papo hapo, kabla hata ya kunitafuta mshipa.

Nililazwa siku sita, chumba cha peke yangu, dawa zikiingia mshipani kwa kanula. Daktari wa zamu alisema tu kwamba tumefika mchana na si jioni, na kwamba hiyo ilikuwa tofauti kubwa. Mengine hakuyamalizia. Siku ya tatu homa ilishuka, na mhudumu wa wodi, mzee wa makamo yangu aliyekuwa akideki na kunisalimia kutoka mlangoni, aliniletea uji wenye joto linalostahimilika kwa mdomo wenye vidonda. Alikuwa ameupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, nje, kwa muda mrefu. Naukumbuka uji huo kuliko dawa.

Mama Neema alikaa kwenye kiti nje ya mlango. Maharage yalipasukia shambani, karibu nusu. Hakuyataja, na mimi nilipoyataja alisema, "Yataota yenyewe. Hujawahi kuona?"

Kitandani nilirudia hesabu kwa njia ya kitabu: toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Nikachora mistari miwili kwenye karatasi, wa kanuni yetu na wa kweli. Inakutana mahali pamoja tu, kwenye nyuzi kumi. Pale ukingoni asubuhi ni nane, kumi, kumi na mbili, miaka yote. Nilikuwa nimeihakiki kanuni mamia ya asubuhi katika sehemu pekee ya dunia yangu ambako haiwezi kukosea. Kule chini Mang'ola, ambako jua linachoma, ilikuwa ikikosea kila safari, lakini hakuna mgeni aliyewahi kunibishia kwamba joto limezidi nyuzi nne. Waliishia kusema ni joto.

Siku ya kutoka, yule muuguzi alikishika kipimajoto cha mwalimu wa Marekani, akabonyeza kitufe bila kukiachia kwa kitambo kidogo. F ikageuka C. Akanirudishia. Nikakitia mfukoni.

Kuanzia hapo daftari lilikuwa na safu mbili. Kila asubuhi Mama Neema alijipima kwanza, kisha mimi. Namba yake iliandikwa kushoto, yangu kulia. Dripu ya nne ilisogezwa wiki moja. Ya tano niliipata vumbi likiwa limeanza kufunika majani ya kahawa. Ya sita ilikuwa Septemba, na wiki tatu baadaye, nilipokwenda kupigwa picha ya mwisho, ndipo nilipomkuta benchini mama mmoja mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ndiyo kwanza ameanza. Kikapu chake kilikuwa mbele ya mfuko wangu. Alikuwa akikunja na kukunjua kadi ileile.

"Wanasema thelathini na nane," aliniambia. "Mimi nyumbani sina hata cha kupimia. Kwetu joto ni joto tu."

Nilitoa kipimajoto mfukoni. Nyuma yake nilikuwa nimebandika plasta nyeupe, na juu yake maandishi ya wino: *Mpime mzima kwanza.*

"Nani mzima?" akauliza.

"Yeyote unayekaa naye ambaye ameamka vizuri. Kikisoma ajabu kwake, usikiamini. Ukimzidi yeye sana, usingoje."

"Nina mwanangu wa kike."

"Basi yeye." Nikampa kiwe chake, nikamfundisha kitufe kile, asije akakigeuza kwa bahati mbaya, nikamwonyesha C iko wapi. Alikifunga kwa kipande cha khanga na kukitia ndani ya kikapu, chini kabisa.

Sasa mvua za vuli zimeanza. Picha ya mwisho ilionyesha tezi zimesinyaa, na daktari amesema nirudi baada ya miezi mitatu, tena nikamuuliza kama niendelee kupima joto, naye akasema hapana, huna haja ya kupima kila siku. Sijui kuishi hivyo bado. Vidole vina ganzi, nywele zimerudi na mvi, gari nitalishika Januari Mungu akipenda. Asubuhi mkono wangu hutafuta kipimajoto juu ya kabati na hukuta patupu, kisha nazunguka nyumba mpaka uji uive.

Leo nilizunguka hivyo, nikakaa, nikafungua daftari, nikachora safu mbili kwa mazoea. Mama Neema alitoka jikoni na moshi machoni. Akaniona. Akafuta kiganja kwenye kitenge, akakiweka shingoni kwangu, pale pale pa siku ile, na safari hii sikumpinga.

"Inasemaje?" nikauliza, kalamu iko tayari.

Hakufanya haraka.

"Uko sawa na mimi," akasema.

Nikaandika hivyo hivyo, safu ya kulia.